Chumba Kisichopumua

Sajenti Roslyn Pybus alifika kwa akina Oldaker asubuhi, mlima umevaa theluji mpaka mabegani, na alikuwa na siku hiyo moja tu. Kesho yake Inspekta Strutt angempeleka mzee Wim Terpstra mbele ya hakimu kwa kumpiga jirani yake. Wim akishaingia ndani, mkewe Hanneke, ambaye akili zimekuwa zikimtoka kidogo kidogo mpaka sasa hajui sweta inavaliwa upande gani, angepelekwa kwenye nyumba ya wazee ng'ambo ya mto. Kitanda chake kilikwisha kutandikwa. Dada wa ustawi wa jamii alikuwa ameshapiga simu kuuliza waje kumchukua saa ngapi.

Kesi yenyewe ilionekana imekwisha. Jumanne mchana Glenys Oldaker alirudi kutoka dukani, akaegesha gari, akaingia jikoni na vifurushi vyake. Dirishani akaona mgongo wa jirani yao Wim ukikata bustani mbio, na Wim ni mtu wa miaka sabini na kitu ambaye hakimbilii hata basi. Glenys akateremka kwenye chumba cha chini ya nyumba, akamkuta mumewe Clive amelala chali mwanzo wa ngazi, damu kisogoni, hana fahamu. Mpaka leo hana. Madaktari wakakuta michubuko kwenye makwapa yote mawili, kama mtu aliyeshikwa kwa nguvu na kutikiswa. Damu ya Clive ilikutwa kwenye mkono wa sweta ya Wim. Na Wim alipoulizwa alisema hakutia mguu nyumba ile. Alisema hivyo kila alipoulizwa, na kila mara alikuwa anatazama pembeni.

Sababu nayo ilikuwepo, tena mtaa mzima unaijua. Clive alikuwa fundi wa injini za meli maisha yake yote. Alipostaafu alijiapia kwamba masikio yake yameshiba kelele, na kilichobaki ni muziki tu, muziki safi, ndani ya chumba ambacho hakuna kitu kingine kitakachosikika. Chumba hicho alikijenga mwenyewe, miaka miwili, chini ya nyumba. Na miaka hiyo miwili Wim alikuwa akipeleka malalamiko kwenye baraza la mji, kwamba besi inapita ukutani, dum, dum, dum, saa ile ile mkewe anapojinyoosha mchana.

Juu ya hayo kulikuwa na maneno ya Glenys mwenyewe. Wiki moja kabla, Clive na Wim walikuwa wamezungumza kwenye ua, si kwa uzuri. Clive akarudi ndani kimya, akachukua vifaa vyake, akamwambia mkewe, "Leo namalizana na Wim." Strutt aliyaandika maneno hayo na kuyapigia mstari chini. Kwake yeye, hiyo ilikuwa ngumi iliyoahidiwa, ila Wim akawahi kuitoa yeye.

"Nini kinakusumbua, Roz?" Strutt alimwuliza Pybus jana yake. "Mzee kachoka na kelele, kashuka, kamsukuma mwenzake. Tumewafunga watu kwa kidogo kuliko hicho."

Kilichomsumbua kilikuwa mistari miwili kwenye zulia. Ilianzia kwenye kiti cha Clive cha kusikilizia, ikaenda moja kwa moja mpaka mlangoni, na ilikuwa mistari ya visigino. Mtu anayesukumwa huangukia pale aliposukumiwa. Huyu alikuwa amekokotwa kutoka kitini mwake. Strutt alisema ni ujanja wa Wim ili ionekane ameteleza ngazini. Pybus akajibu kwamba mtu mjanja hivyo hakatishi bustani mbele ya dirisha la jikoni.

Konstebo Dilip Thapa alikuwa amemtangulia. Alimkuta kule chini amesimama mbele ya mlango wa kile chumba, anaugongagonga kwa kidole kama anayechagua tikiti maji sokoni. Ulikuwa milango miwili iliyogandishwa kwa gundi ikawa mmoja, na ukingoni umezungushiwa mpira.

"Bosi, huu mlango mzito kuliko mimi," alisema.

"Wewe kila kitu kizito kuliko wewe. Fungua."

Glenys alishuka nyuma yao na kikombe cha chai ambacho hakuwa anakinywa. Alikuwa mwanamke mfupi, wa kuifukuza huzuni kwa kusema, na Pybus alimwacha aseme. Akaeleza kwamba Clive hakutaka ukuta wake uguse ukuta wa nyumba hata kidogo. Nyumba ni ya mawe, ya zamani. Ndani ya mawe yale Clive akasimamisha kuta nyingine za mbao, zimejitenga, zimekaa juu ya vipande vya mpira. Katikati akajaza sufi ya kuzuia sauti. Juu yake akapiga mbao za jipsamu, na juu ya jipsamu jipsamu nyingine, na baina ya hizo mbili akapaka gundi nzito isiyokauka daima, ili sauti inapofika pale ichoke. Dari halikupigiliwa, limening'inizwa kwenye springi.

"Nilimwambia, Clive, wewe unajenga chumba au unatengeneza keki ya harusi," alisema Glenys.

Na nyufa ndizo zilizomnyima Clive usingizi. Sauti, alikuwa akimwambia mkewe, haihitaji mlango, unywele unaitosha. Basi kila soketi akaiziba, kila kichwa cha skrubu, kila pembe. Alitembea na bomba lake la silikoni kama mlevi na chupa. Hata kwenye meza ya chakula lilikaa karibu na chumvi.

Pybus aliingia, akaketi kwenye kile kiti, akamwomba Thapa afunge mlango akiwa nje na apige kelele anavyotaka. Mlango ulipofungwa, dunia iliondoka. Alisikia shingo yake ikigeuka. Alisikia mate yake. Alikaa hivyo kitambo, akitazama spika mbili ndefu mbele yake, rafu za santuri, mashine ya kuzipigia iliyowekwa juu ya jiwe. Thapa alipofungua, uso ulikuwa umemwiva, na akauliza kama alisikia alivyomtukana Inspekta.

"Hapana. Rudia."

Thapa alicheka, akasema hiyo ni ya siku nyingine.

Lakini Pybus alikuwa amehisi jambo jingine, nalo lilikuwa baridi. Kukaa pale kidogo tu, vidole vilikuwa vimeanza kumfa ganzi. Akauliza Clive alikuwa anawezaje kukaa humu mchana kutwa, majira kama haya, katikati ya mawe. Glenys akasema, kwa hita bila shaka. Pybus akatazama huku na huku. Hita haikuwepo. Ila ubavuni mwa kiti, karibu na ukuta, zulia lilikuwa limebonyea mahali panne, alama ndogo za magurudumu.

"Ya umeme?" aliuliza.

Glenys akasema wapi. Ya umeme Clive aliikataa siku ya kwanza. Ina feni, na feni inanguruma. Wakaazima nyingine isiyo na feni, hiyo nayo kila inapojiwasha inatoa mlio kwenye spika. Akaigombeza hita kama mtu. Mwisho akaenda stoo, akaitoa ile ya gesi, ya mtungi, waliyokuwa wakienda nayo kambini watoto walipokuwa wadogo. Hiyo haisemi kitu. Inawaka kimya.

"Iko wapi sasa?"

"Verandani. Ile Jumanne jioni niliporudi hospitali nilishuka kuzima taa, nikakuta mtungi umekwisha. Nikaitoa nje ili mtu akanibadilishie gesi." Glenys akamtazama. "Hakuna aliyeniuliza habari za hita, mama."

Ilikuwa kweli. Polisi walikuja Jumatano, hospitali ilipoona michubuko. Waliuliza habari za Wim tu.

Pybus alimwuliza Glenys kama Clive alikuwa mzima siku zile za mwisho. Glenys akaguna. Mzima gani. Kichwa kilimgonga wiki nzima, na tumbo likawa halitaki chakula, hata pai ya kamba aliyompikia aliiacha. Akija juu kupata chai anapata nafuu, akirudi chini kinaanza tena. Yeye mwenyewe alisema ni harufu ya gundi.

Thapa, ambaye anapenda kusoma maandishi ya makopo, alikuwa ameliona kopo la gundi stoo asubuhi. Akasema ni gundi ya maji, haina harufu wala haikatazwi kwa watoto. Kwa hiyo gundi ikaondoka.

"Na kubwa zaidi," Glenys akaendelea, "alisema muziki umeharibika."

Pybus akamwomba aeleze hapo pole pole.

Umeharibika vipi, hata Glenys hakuelewa. Clive alisema waimbaji wanayumba, piano inaimba kama imelewa, mara inavuta, mara inaachia. Akasema ni mkanda wa mashine umelegea. Akaagiza mwingine, akaufunga Jumatatu, na bado wanayumba. Ile jioni alipanda juu akakaa hapo jikoni na macho mekundu. Miaka miwili ya kujenga, na siku anayomaliza ufa wa mwisho, muziki wenyewe unaugua.

"Hebu tuupige," alisema Pybus.

Glenys hakuwa amegusa mashine ile tangu Jumanne, lakini alijua kuiwasha. Ukingoni mwa sahani ya chuma kulikuwa na nukta nyingi zimepangwa mstari, na kitaa kidogo kinazimulika. Glenys akaeleza alivyofundishwa na mumewe. Mashine ikienda sawa, nukta zinaonekana zimesimama. Ikichelewa zinarudi nyuma, ikiharakisha zinakwenda mbele. Wote watatu wakainama. Sahani ilikuwa inazunguka, na nukta zilikuwa zimesimama kama zimechorwa. Glenys akateremsha sindano. Besi ikaingia, halafu piano, halafu mwanamke mwenye sauti ya moshi, na hakuna aliyeyumba. Wimbo ulinyooka mpaka mwisho.

"Kumbe mashine nzima," alisema Thapa.

"Ilikuwa nzima tangu mwanzo," Pybus alisema. "Na waimbaji walikuwa wazima. Kama si wao waliolewa, ni nani?"

Glenys alikiweka kikombe chini.

Pybus akauliza hewa ya chumba hiki inaingilia wapi. Mtu hawezi kujifungia ndani ya mpira na silikoni bila kuacha mahali pa kupumulia. Glenys akasema tundu lipo, Clive hakuwa mjinga. Nyuma ya spika ya kushoto kulikuwa na kisanduku cha mbao chenye njia inayopinda na kupinda, ndani kimebandikwa sponji, ili hewa ipite na sauti ipotelee njiani. Pybus akachana kipande cha karatasi laini, akakishikilia mbele ya wavu wa tundu. Karatasi ilining'inia. Akasogea, akasubiri. Haikutikisika.

"Labda hewa nayo imepotelea njiani," Thapa alisema, lakini hakucheka.

Walizunguka nje. Kati ya nyumba ya Oldaker na ya Terpstra kuna kipande chembamba cha bustani, na ukuta wa mawe wa Oldaker unalitazama dirisha la chumba cha kulala cha Wim na Hanneke. Maua ya haidrenja yalikuwa yamebaki vijiti vitupu na vichwa vilivyokauka. Nyuma ya vijiti, karibu na ardhi, palikuwa na tundu la mraba, na tundu lilikuwa limeshindiliwa sufi mpaka mwisho, juu yake silikoni nyeupe, mpya, iliyolainishwa kwa kidole gumba. Alama ya gumba ilikuwa bado inaonekana.

Glenys alichutama, akakiweka kidole gumba chake juu ya ile alama, kikapotea ndani yake. Alisema mkono huo anaujua. Halafu akasema Clive hakumwambia kitu. Alichomwambia, siku ile aliyotoka kuzungumza na Wim kwenye ua na kuchukua bomba lake, ni kwamba leo anamalizana naye.

"Basi ndivyo alivyomalizana naye," alisema Pybus. "Hakwenda kupigana. Alikuja hapa, akapiga magoti kwenye matope, akaziba tundu la mwisho ili mama Hanneke alale mchana."

Pale pale alimpigia simu daktari wa Clive. Alimwomba aangalie damu waliyomtoa mgonjwa mara ya kwanza alipofikishwa, kama ipo, wapime ile hewa ya sumu inayotoka kwenye moto unaowaka mahali pasipo hewa ya kutosha. Daktari alianza kusema kwamba mgonjwa wao ni wa kuumia kichwa. Pybus akamweleza habari za hita na tundu. Daktari akasema atapiga simu mwenyewe, na akakata bila kuaga.

Akamwacha Thapa na Glenys, akaenda mlango wa pili.

Wim alikuwa ameruhusiwa kulala kwake mpaka kesho kwa ajili ya mkewe. Alifungua mlango amevaa shati lililopigwa pasi, akaweka kahawa na biskuti za mdalasini mezani kabla hajaulizwa. Alikuwa mrefu, amepinda kidogo juu kama taa ya barabarani. Hanneke hakuketi. Alikuwa anatembea kutoka dirisha moja kwenda jingine, kisha anafika kwenye ukuta wa chumba cha kulala, anaweka kiganja, anasubiri, anakiondoa, anaanza upya. Wim alimfuata kwa macho muda wote. Hata anapomimina kahawa.

Pybus akauliza kama ndivyo alivyo siku zote. Wim akasema hapana, amekuwa hivi siku hizi za karibuni tu. Zamani alilala mchana vizuri.

"Na zile kelele? Umezisikia mara ya mwisho lini?"

Wim alianza kujibu, akasita. Akasema tangu wiki iliyopita hajazisikia. Zilikatika ghafla, siku ile ile baada ya yeye na Clive kutupiana maneno uani.

"Sasa, mzee Wim, hebu nisaidie," alisema Pybus, anakoroga kahawa yake. "Jumanne hiyo kelele zilikuwa zimekwisha siku nyingi. Umeshinda. Mtu aliyeshinda anakwenda kwa jirani kugombania nini?"

Wim akasema hakwenda. Alisema akiutazama ukuta.

Pybus alikunywa kahawa, akala biskuti, akaisifu, na alikuwa anachukua ya pili simu ilipolia. Daktari alisema maneno machache. Pybus akamshukuru, akaiweka simu kifudifudi mezani.

"Sikiliza, mzee. Clive hakupigwa. Ametiwa sumu na hita yake mwenyewe. Aliziba tundu la hewa, hita ikawa inaula ule upepo mdogo uliobaki na kutema sumu, na yeye akawa ameketi katikati anasikiliza muziki. Damu waliyomtoa siku ile imejaa sumu hiyo. Wanampeleka sasa kwenye kile chumba cha hewa ya shinikizo wanamowatibia wapiga mbizi. Daktari anasema angekaa kitini kidogo tu zaidi, leo tungekuwa tunapanga mazishi. Kuna mtu alimtoa. Alimshika chini ya makwapa akamkokota mpaka kwenye ngazi, palipo na hewa. Nataka kumjua mtu huyo ni nani, kwa sababu Inspekta wangu anataka kumfunga."

Wim aliketi. Mikono yake mikubwa ilikuwa inatafuta mahali pa kukaa.

Alisimulia kwa sauti ndogo. Aliingia kwa mlango wa bustani, akabisha kwenye ule mlango mnene, hakuna jibu, akafungua. Clive alikuwa kitini, uso umeiva, mdomo wazi, santuri imekwisha na sindano inakwaruza patupu. Akamwita, akamtikisa. Akadhani ni kiharusi. Akamshika, akamvuta, mzito kama gunia la mchanga, na pale kwenye ngazi mikono ikamwishia nguvu, kichwa cha Clive kikapiga kipandio cha kwanza. Aliusikia mlio. Damu ikaanza kutoka. Na kule nje, kupitia mlango wa bustani aliouacha wazi, akamsikia Hanneke akilia, na papo hapo gari la Glenys likiingia. Akajua Glenys atamwona mumewe. Hanneke hakuwa na wa kumwona.

"Nilidhani mimi ndiye niliyemwua," alisema. "Na nilikuwa nimemfungia huyu peke yake ndani. Yule dada wa ustawi alishanionya, nikimwacha peke yake tena watamchukua. Nikasema, sikwenda. Nilipokwisha kusema mara moja, ikawa ndiyo hiyo hiyo."

"Bado hujanijibu. Ulikwenda kufanya nini?"

Safari hii Wim alimtazama. Akasema akisema hataaminiwa.

"Sema hivyo hivyo."

"Nilikwenda kumwomba aufungulie muziki."

Hanneke alikuwa amefika tena ukutani. Wim akaeleza kwamba miaka yote miwili alidhani zile kelele zinamsumbua mkewe, kumbe zilimsumbua yeye. Siku zilipokatika, Hanneke akaanza kutembea. Hakulala tena mchana, na anaugusa ukuta kama mtu anayetafuta mapigo ya moyo ya mgonjwa. Anauliza amekwenda wapi, na Wim hajui anamwulizia nani. Siku kadhaa akajizuia. Mtu ambaye amelalamika mpaka makarani wa baraza wanamjua kwa sauti kwenye simu, aende kugonga mlango kuomba kelele? Jumanne alimeza aibu akaenda.

Pybus alimwamini. Lakini yeye si Strutt, na Strutt alikuwa na faili nene. Sumu ingeeleza usingizi wa Clive, isingeeleza Wim alifuata nini mle ndani, wala kwa nini alidanganya. Angesema alikwenda kugombana, akamkuta mtu hoi, akampiga palepale. Akampigia simu Inspekta, akamwomba aje kwa Terpstra, na aje kusikiliza, si kusema. Kisha akampigia Thapa, akamwambia azibue tundu lote, aache milango wazi upepo upite, na asiwashe kitu chochote chenye moto. Kitufe cha sauti asikiguse. Kilikuwa bado pale Clive alipokiacha.

Strutt alikuja amevaa koti lake refu, akakataa kahawa, akasimama katikati ya chumba cha kulala kama mtu aliyeletwa kuangalia paa linalovuja. Glenys aliingia nyuma yake. Kwa Wim hakujua atazame wapi, wala Wim kwake, ila alimwona Hanneke amevaa sweta mgongo mbele, akamwendea, akamgeuzia taratibu, mkono huu, na huu, akaketi naye ukingoni mwa kitanda. Pybus alimweleza Strutt maneno ya Wim yote. Strutt alitabasamu upande mmoja.

"Mtu huyu," alisema, akaigonga faili, "alikwenda kuomba kelele."

"Mwambie Thapa aanze," Pybus alimwambia Glenys, na Glenys akamwambia kwenye simu.

Hawakusikia kitu kwanza. Kisha kitu kilikuja, chini sana, si sauti hasa, ni mtikisiko uliopita kwenye mawe, kwenye udongo wa bustani, kwenye mawe tena. Dum. Halafu dum, dum. Piano haikufika wala yule mwanamke hakufika, ila besi tu ikitembea pole pole kwa miguu yake mikubwa.

Hanneke aliinua uso. Aliondoka kitandani, akaenda ukutani, akaweka kiganja, na safari hii hakukiondoa. Mkono wa pili ulianza kupiga kwenye paja, kidole kimoja, kisha vyote, na ulikuwa unapiga pamoja na besi, haukosei hata pale inaporuka.

"Huyo hapo," alisema, kama anayemwona mtu akipita barabarani. Akaegemeza shavu ukutani na kufumba macho.

Strutt alimtazama muda mrefu. Mfukoni mwa Pybus simu ikatetemeka. Alitoka ngazini kuipokea, na ilikuwa ni dada wa ustawi wa jamii, anataka kujua kesho waje na gari saa ngapi. Pybus akamwambia wasije. Dada akauliza kitanda wakifanyeje. Pybus akasema wampe anayekihitaji.

Aliporudi ndani, faili ilikuwa kwapani mwa Strutt, imefungwa. Glenys alikuwa akimwambia Wim kwamba siku anazotaka kutoka amgongee, yeye atakaa na Hanneke, na kama Clive akirudi watakaa wote. Wim aliitikia kwa kichwa.

Strutt akakohoa. Akaelekeza kidevu kwenye ukuta, ambako besi ilikuwa bado inatembea.

"Na wewe, mzee? Hii haikusumbui?"

"Sana," alisema Wim, akaenda kusimama karibu na mkewe, akaweka kiganja ukutani kando ya chake.